Mwisho wa Ultraman Nexus: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Jamani nimeamua niyaweke yote sehemu moja, maana kila nikitaja Nexus, ile tamthilia ya Kijapani ya majitu, lazima mtu aniulize "hivi ule mwisho wewe uliuelewaje", mwingine anakuja na hasira zake, mwingine anasema alilia mpaka mto ukalowa, na mimi naanza upya kueleza. Tahadhari moja tu: humu nasimulia kila kitu mpaka dakika ya mwisho, kwa hiyo kama hujaimaliza nenda kaimalize kwanza alafu urudi.

Nexus ndo ipi, mbona Ultraman ziko nyingi hivyo?

Ziko nyingi kweli, zilianza 1966 na wenyewe ni walewale, Tsuburaya Productions ya Japani. Nexus ilianza tarehe 2 Oktoba 2004 ikaisha 25 Juni 2005, episodi 37, ilikuwa inarushwa Jumamosi saa moja na nusu asubuhi kwa saa za kwao. Kama umezoea zile za jitu linatokea, linapigana na dude la wiki hiyo dakika tatu, linaruka zake angani, hii itakushangaza, kwa sababu hapa zimwi moja linaweza kula episodi mbili tatu, na stelingi unayemfuata tangu mwanzo, Kazuki Komon, siye anayegeuka Ultraman. Yeye ni kijana aliyekuwa mwokoaji, kazi yake kutoa watu kwenye ajali na majanga, akachukuliwa kwenye kikosi cha siri cha kupambana na mazimwi kinaitwa Night Raider, na yule Ultraman anamwona kwa mbali tu kama wewe unavyomwona. Anayegeuka ni mtu mwingine, na baada ya huyo anakuja mwingine tena, nuru, yani ile nguvu ya kugeuka Ultraman, inapita mkono kwa mkono kama kijiti cha mbio za kupokezana. Shika hilo la kijiti, mwisho wote umekaa juu yake.

Kwa nini episodi 37? Si Ultraman huwa zinaenda mwaka mzima?

Ilipangwa iende mwaka mzima. Ikakatwa. Watazamaji walikuwa wachache, midoli haikuuzika kama walivyotegemea, na kwa hizi tamthilia za majitu midoli ndo inayolipa bili, tusidanganyane. Ile iliyotangulia kwenye TV, Ultraman Cosmos ya 2001, ilifika episodi 65 na ilikuwa inarushwa Jumamosi saa kumi na mbili jioni, yani muda familia imekaa pamoja. Nexus ikapelekwa asubuhi, mtoto ndo kwanza ameamka anakunywa supu yake, anawasha TV anakutana na zimwi linameza watu gizani. Wazazi wengi walibadilisha stesheni na mimi siwezi kuwalaumu hata kidogo, mdogo wangu wa miaka sita nisingemwonyesha.

Ndo maana swali la mwisho wa Nexus haliwezi kujibiwa bila kujua hili la kukatwa. Watu wanabishana kama vile waandishi walikaa wakachagua kukimbia. Hawakuchagua. Walikuwa na hadithi ya mwaka mzima, wakaambiwa muda mliobaki ni huu, malizeni.

Nasikia ni nzito sana, nzito kivipi?

Nikupe watu wawili tu utaelewa. Wa kwanza Jun Himeya, ndo mbebaji wa nuru wa kwanza kwenye tamthilia. Alikuwa mpiga picha za vita, akiwa huko vitani akazoeana na mtoto wa kike anaitwa Sera, yule mtoto akauawa mbele ya kamera yake, na picha ile ndo ikampa sifa. Fikiria unasifiwa kwa picha ya mtoto uliyempenda anakufa. Kwa hiyo Himeya anapopewa nuru anaichukua kama adhabu anayostahili, anapigana kama mtu anayetaka kufa. Na hawa waandishi hawakumwonea huruma, kila kidonda anachopata jitu kinabaki kwenye mwili wa mtu, utamwona baada ya pambano anatembea ameshika mbavu, anahema, amejiegemeza ukutani. Kile kifaa chake cha kugeukia kimekaa kama kisu kifupi ndani ya ala, kinawaka na kuzima taratibu kama moyo unadunda, na kila kikianza kudunda unaona uso wake unabadilika kabla hajakigusa, anajua kinachomngoja. Kile kipande kidogo cha uso mimi huwa nakirudia.

Wa pili Riko, mpenzi wa Komon. Dada mchoraji, mpole, anacheka. Tunakuja kugundua kwamba alishauawa yeye na familia yake kabla, na anayetembea pale anatumiwa na giza, ndiye yule jitu mbaya Dark Faust, na mwenyewe hajui. Kwenye episodi ya 12 anakufa akimkinga Komon. Episodi ya 12! Kwenye kipindi cha asubuhi! Nilipoiangalia mara ya kwanza nilizima simu nikakaa tu.

Haya mwisho wenyewe uliendaje? Niliangalia haraka sikushika vizuri.

Hujakosea kutoshika, imeshonwa kwa kubanwa. Nakupangia.

Himeya anamaliza safari yake kwenye episodi ya 24, nuru inaenda kwa kijana Ren Senju, mtoto aliyetengenezwa kwenye mradi wa kisayansi na anajua kabisa ana muda mfupi wa kuishi kwa sababu vinasaba vyake vina kasoro. Ren anapigana, anapenda, anapata dawa ya kumwokoa, nuru inamtoka. Inaenda kwa Nagi Saijo, makamu wa kikosi, dada mkali ambaye mama yake aliuawa na zimwi alipokuwa mdogo, na tangu episodi za mwanzo ndiye aliyekuwa anampiga risasi Ultraman kwa sababu kwake yeye kila kikubwa kisicho binadamu ni zimwi tu.

Hapo sasa ndo tunaambiwa kwamba Ishibori, yule mtulivu wa kikosini anayekaa na kompyuta zake, ndiye adui mkuu Dark Zagi, na yote haya, pamoja na kifo cha mama yake Nagi, aliyapanga yeye ili siku nuru ikimfikia Nagi imkute amejaa chuki. Nagi anageuka akiwa na hasira, nuru inanyonywa na kugeuzwa giza, Zagi anafufuka katikati ya jiji. Komon anaingia kwenye lile giza kumfuata Nagi, anampa mkono, na Nagi anamkabidhi nuru. Yani yule kijana aliyekuwa anaangalia kwa mbali episodi 36 zote, kijiti kimefika kwake.

Anageuka, anapigwa. Anapigwa vibaya. Halafu watu mtaani, ambao kumbukumbu zao za mazimwi na za Ultraman zilikuwa zinafutwa na shirika la siri muda wote huo, wanaanza kumkumbuka. Huyu ni yule aliyetuokoa. Jitu linainuka, rangi ya fedha inakuwa nyekundu, ile ya Himeya, nyekundu inakuwa bluu, ile ya Ren, halafu zote zinapita na anasimama Noa, hali kamili ya jitu lenyewe, wa fedha, ana kitu kama mabawa mgongoni. Anamtwanga Zagi mpaka nje ya dunia na kummalizia huko angani. Baada ya hapo tunaonyeshwa maisha yanaendelea, mazimwi bado yapo, ila watu sasa wanajua na hawajifichi tena.

Waliochukia wanalalamikia nini hasa?

Wana hoja, na mimi nakubaliana nao kwa sehemu kubwa tu.

Kubwa zaidi ni Nagi. Huyu dada tumemjenga tangu mwanzo, chuki yake ndo moja ya nguzo za hadithi, halafu anapopata nuru muda wake haufiki hata episodi mbili. Himeya alipewa karibu theluthi mbili ya tamthilia! Ren kapewa kama kumi hivi na bado watu wanasema kachache. Nagi ilibidi tumwone anahangaika, anakataa kuwa kile alichokuwa anakipiga risasi, anazoea, anakosea, ndipo aanguke. Badala yake ameshika kijiti, kaanguka, kakitoa. Kila nikiangalia naumia upya kwa sababu naona kabisa ile nafasi tupu pale, unaweza kuhesabu episodi zilizotakiwa kukaa hapo.

Lingine ni Zagi mwenyewe. Asili yake ni nzuri mno: kulikuwa na viumbe wa sayari nyingine walioshambuliwa na mazimwi, wakatengeneza jitu la bandia kwa kumwiga Noa ili liwapiganie, lile jitu likajitambua, likaona ni nakala tu, likawageuka. Wale viumbe ikabidi walipue jua lao wenyewe. Sasa hadithi kama hiyo, ya kitu kilichotengenezwa kiwe mfano wa mwingine na kikachukia kuwa mfano, inapewa maelezo ya kupitiliza, mtu anasimama anaongea, basi. Na hawa waliolipua jua wako hapa duniani wanashauriana na wakubwa na tunawaona kidogo sana.

Kuna pia wanaolalamika kwamba pambano la Noa ni fupi. Hilo mimi silibebi sana.

Na walioupenda?

Wengi wao, nikiwemo, tunashikilia ile dakika ya rangi. Kwa sababu hukuambiwa kwa maneno. Ile nyekundu siyo mapambo, ile ni Himeya amejiegemeza ukutani. Ile bluu ni Ren anayecheka huku anajua siku zake. Tamthilia imekufundisha kwa miezi tisa kwamba rangi ya jitu ni mtu aliye ndani, na pale mwisho inakuonyesha watu wote waliobeba nuru wamesimama ndani ya Komon na haipotezi hata sentensi moja kukueleza. Ukiwa umeifuata tangu episodi ya kwanza inakupiga kifuani.

Halafu kuna lile neno. "Akirameruna", kwa Kijapani ni usikate tamaa. Limetumika tamthilia nzima, linatoka kwa huyu linaenda kwa yule, nalo ni kijiti pia ukiangalia vizuri. Mwokoaji kama Komon analisema kwa mtu aliyefukiwa na kifusi. Ndo maana kwangu mimi mtu wa mwisho kupokea nuru alitakiwa awe yeye tu, hata wangepewa episodi hamsini ningetaka iishe hivyohivyo. Kwa hiyo nikiulizwa mwisho ni mbaya nasema hapana, mwisho ni sahihi, njia ya kufika pale ndo imefyekwa.

Noa katokea wapi? Mbona hakutajwa?

Kwa mashabiki wa Japani wa wakati ule hakuwa mgeni. Tsuburaya walikuwa na mpango mmoja mkubwa wa 2004 wanauita Ultra N Project, N tatu: Noa, Next, Nexus. Noa alishatangulia kuonyeshwa kwenye picha na matangazo kabla ya tamthilia kuanza, alafu Nexus ikaanza kwenye TV Oktoba, alafu ikaja muvi ya sinema tarehe 18 Desemba 2004 ya yule tunayemwita The Next. Ni jitu moja, limechoka, linapata nguvu zake taratibu kadiri linavyopita kwa watu. Next ni hali ya mwanzo kabisa, Nexus ni katikati, Noa ndo mwenyewe kamili. Sasa sisi tuliokuja kuiangalia miaka mingi baadaye bila hayo matangazo, tunamwona katokea tu kama mvua ya kiangazi, na swali lako ni la haki.

Hiyo muvi lazima niione?

Siyo lazima ila ione. Inamhusu rubani wa ndege za kivita, Shunichi Maki, mwenye mtoto mgonjwa, anaacha kazi anayoipenda ili akae na mwanae muda uliobaki, na hapohapo ndo nuru inamgonga angani. Ukimhesabu huyo, wabebaji wanakuwa watano: Maki, Himeya, Ren, Nagi, Komon. Kazuya Konaka aliyeiongoza ndiye pia mmoja wa waongozaji wakuu wa Nexus, utaona mkono ni uleule.

Nani wa kulaumiwa?

Sioni faida ya kumtafuta mtu mmoja. Waandishi Keiichi Hasegawa na Ai Ota walikuwa na hadithi ya watu wazima, nafasi waliyopewa ni ya watoto wa asubuhi. Ukiwa na chakula kizuri cha usiku ukakiuza saa moja asubuhi stendi, watu watapita tu, na chakula hakina kosa. Kinachoniuma ni kwamba kama ingerushwa usiku kwa watu wazima pengine tungekuwa tunaongea mambo mengine leo.

Ni kweli Ultraman Max ililetwa kufuta Nexus?

Max ilianza 2 Julai 2005, wiki moja tu baada ya Nexus kuisha, na ni kweli ilikuwa inarudi kwenye njia ya zamani, jitu na dude, mwanga, vichekesho, hata waigizaji kadhaa wa ile ya kwanza ya 1966 walirudishwa. Mashabiki wa Nexus wengine waliichukia Max bila hata kuiangalia na hapo waliionea, ina episodi nzuri sana. Ila naelewa, msiba haujaisha nyumba ya jirani wanapiga muziki.

Kwani Nexus ndo ya kwanza kugawanya watu kwa mwisho wake?

Hata. Ile ya kwanza kabisa iliisha Aprili 1967 kwa Ultraman kushindwa na zimwi Zetton, fikiria watoto wa Japani wa wakati ule, shujaa wao asiyeshindwa amelala chini na aliyemuua Zetton ni binadamu kwa silaha ya kibinadamu. Wengine hawakusamehe, wengine wakaona ndo fundisho lenyewe, mpaka leo inazungumzwa. Tofauti ni kwamba ule mwisho ulikuwa umepangwa ukapewa nafasi yake. Wa Nexus umekatiwa kitambaa.

Walirudi tena au ndo basi?

Walirudi, na hapa ndo najisikia vizuri kidogo. Desemba 2010 kwenye muvi ya Ultraman Zero, Ultraman mwingine wa baadaye, ile anayopambana na Ultraman muovu Belial, Noa anatokea na kumpa Zero ile silaha ambayo baadaye ikawa alama yake. Watoto waliokua na Zero wengi hawakujua kwamba ile zawadi inatoka kwenye tamthilia iliyokatwa.

Halafu 2015 Ultraman X, episodi ya 20. Tafadhali iangalie hata kama huna mpango na X nzima. Makamu nahodha wa kikosi, mama mwenye familia yake, ndiye anayepewa nuru, na kile kisu ndani ya ala kinarudi, na Nexus anasimama tena kwenye skrini baada ya miaka kumi. Nina rafiki yangu aliyeichukia fainali ya Nexus kuliko mtu yeyote ninayemjua, alinipigia simu usiku na hakuongea kwa muda, nikasikia tu mziki wa mwisho unaenda nyuma yake. Baadaye ndo akasema, "Bro, kumbe hawakuwasahau."

Na mimi nikafikiria, makamu nahodha mwanamke anabeba nuru bila chuki. Sijui kama walikusudia, lakini mimi nilimwona Nagi pale.

Nina haraka, naweza kuruka nianze na episodi ya 37?

Usifanye hivyo nakuomba. Utaona jitu linabadilika rangi mara tatu basi. Kama muda ni mdogo kweli, angalia ya kwanza, vumilia giza lake na lile zimwi linaloteleza kama konokono asiye na nyumba, subiri mpaka ngumi ishuke kutoka juu. Kisha nenda na Himeya mpaka ya 24, hapo usiruke hata moja. Za Ren ukizikimbiza kidogo sitakusema. Ukifika kwa Nagi punguza mwendo mwenyewe, simamisha, rudia, maana tamthilia haikupata nafasi ya kumsubiri.

Na ya 37 angalia usiku, simu nyingine uiweke mbali.